Ngeli ya Ndege Wake

Mke mwenza ningemuweza. Nalisema hili mwanzo kabisa, asije mtu akadhani mimi ni mwanamke wa kutishwa na kivuli. Nimezaliwa Mkunazini, katika nyumba ambayo babu yangu aliweka wake wawili, mmoja chini na mmoja darini, nao wakapikiana, wakasutana, wakaombana radhi, na mwisho mmoja akamuosha mwenzake maiti. Kuishi na mwanamke mwengine ndani ya moyo wa mwanamme ni jambo nililoliona likifanyika tangu sijaota meno ya pili. Kilichonitesa mimi hakikuwa mwanamke.

Nilikuwa nikisomesha Kiswahili skuli ya sekondari, na ugonjwa wangu ulikuwa ngeli. Neno nililolipenda kwa kuwatega wanafunzi ni "ndege". Nikiandika ubaoni: Ndege huyu ametaga. Chini yake: Ndege hii imetua. Mwenye roho ni huyu, chuma ni hii, na anayechanganya namkata alama bila ya kumuonea haya. Nimewakata watoto wa jirani, nimemkata mtoto wa dada yangu, na mama yake akaninunia mpaka mfungo ukaingia.

Mume wangu alinijua hivyo tangu siku ya kwanza. Alikuja kwetu na wazee wake, akataka kukaa, akasema, "Kiti hii imevunjika." Lugha ya kambi za jeshi hiyo, alikuwa ndo kwanza amerudi kutoka bara. Mbele ya mama yangu, mbele ya wageni, nikamwambia kimevunjika, si imevunjika. Yeye akainamisha kichwa, akasema, "Naam, mwalimu." Nikaolewa na jina hilo. Asubuhi mwalimu, jioni mwalimu, siku ya kuzaliwa mtoto wetu wa kwanza aliingia wodini akasema, "Hongera, mwalimu." Nililizoea, na nilidhani nimelipenda.

Alikuwa rubani wa ndege za kivita. Mtoto wa Makunduchi, babake akilima mihogo, na jeshi likamchukua likampandisha mbingu nyengine. Kisha siku moja katika kuteremka kwa kasi kutoka juu sana, sikio lake la kushoto likapasuka. Lilipona nusu, likabaki halisikii, na madaktari wakamwambia kuruka basi. Haya yalitokea kabla sijamjua. Mimi nilimpata mwishoni mwa miaka ya themanini, kesharudi Unguja, kafungua karakana ya kutengeneza mafriji Mlandege. Rubani mzima, anakwenda kufanya kazi mtaa unaoitwa Mlandege. Nilimtania sana kwa hilo, naye akicheka na kurudi kwenye mafriji yake. Nikimuuliza habari za kuruka, jibu lake lilikuwa moja tu: "Mambo ya zamani hayo, mwalimu." Nikaridhika. Mwanamme asiyezungumza yaliyopita ni rahisi kumlisha.

Tulikuwa na watoto wawili na tushazoeana kabisa alipokuja yule mgeni. Alikuwa rafiki yake wa jeshini, mtu wa bara, mrefu, mwenye adabu, akiniita shemeji kila baada ya maneno mawili. Alifika baada ya sala ya alasiri. Nikawaacha ukumbini, nikaingia jikoni kumimina mkate. Baina yetu lilikuwa pazia tu na kelele za feni.

Mkate wa kumimina unataka akili yako yote, kwa sababu una moto chini na makaa juu ya kifuniko. Nilikuwa nimeshaweka makaa niliposikia mgeni anasema, "Yule wako unamkumbuka?"

"Nnamkumbuka?" mume wangu akasema. "Nnamuota."

Nikasimama na koleo mkononi.

"Mwembamba yule," mgeni akasema. "Na ile pua yake ndefu."

"Na ukaidi wake. Chini huku mzito, hajui kwenda taratibu, ukimuachia kidogo anakuangusha. Lakini akishapanda, bwana we, analainika mkononi."

Feni ikala maneno. Kisha mgeni akacheka, akasema, "Wenzako walisema kule juu hafiki."

"Nilimfikisha mimi. Mpaka mwisho wake. Anatetemeka na mimi natetemeka. Pale ukimpunguzia anakukatikia, ukimzidishia anavunjika. Baina ya hayo mawili kuna nafasi kiduchu, na huioni mpaka uwe umemjua."

"Na wewe ulimjua."

"Nilimjua kuliko ninavyoijua nafsi yangu."

Sauti ile sikuwahi kuisikia nyumbani kwangu. Mume wangu ana sauti ya kuulizia chumvi, ana sauti ya kuwagombeza watoto, ana sauti ya wateja. Hii ilikuwa nyengine, ya chini, laini, ya mtu anayefungua kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Nilihisi joto linapanda shingoni mpaka masikioni. Na wala sikuwa na shaka hata chembe. Yule, wako, nnamuota, nilimfikisha. Mimi niliyesomesha nusu ya mji huu viambishi, unanambia nini? Anayesemwa hapo ana roho, na roho hiyo ina kiuno chembamba.

Mkate uliungua juu mpaka ukawa mweusi. Niliugeuza kichwachini kwenye sahani nikawapelekea vivyo hivyo. Mume wangu akala, akasema umeiva vizuri. Mgeni alipokuwa anavaa viatu mlangoni nikamsikia anamwambia, "Fikiria, ndugu yangu. Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Ukikubali utakuwa naye karibu tena."

Basi nikajua hata hilo. Kuna mwanamke bara, mwembamba, mwenye pua, na mume wangu anaitwa akakae naye karibu. Na ana mpaka mwisho wa mwezi kuamua kama ataniacha.

Mtu mwengine angeuliza palepale. Mimi siulizi mpaka niwe na jibu. Nilikwenda kwanza kwa mama yangu, nikamuuliza kwa kuzunguka, mwanamme akikaa bara miaka huwa anaacha nini. Mama akasema, "Usichokoroe, mwanangu. Wewe ndiye unayeletewa samaki kila siku akija na kapu." Nikatoka pale hasira zimeongezeka. Nikenda Mbweni kwa wifi yangu, dada yake mkubwa, mwanamke mpole asiyejua kuficha. Nikamwambia, "Wifi, hebu nambie kweli. Mdogo wako kule jeshini alikuwa na nani?"

Wifi akafikiri sana. "Sijamsikia kumtaja mtu," akasema. "Ila akija likizo alikuwa hatulii. Hali, haongei, anakaa uwani anatazama juu tu. Mama akisema huyu mtoto kaacha roho yake huko."

Nilikunywa juisi yake ya ukwaju nikaaga. Njia nzima nilikuwa nikiwaza pua. Ya kwangu ni pana kidogo, ya upande wa mama.

Nyumbani nilisimama mbele ya kioo cha kabati nikajitazama kwa ubavu. Kiuno nilikuwa nacho, chembamba ndo sikuwa nacho tena. Nikajikaza kisabuni. Nilitia udi nguo zake, nikaweka asumini kwenye mto, nikavaa kanga mpya niliyokuwa nimeiweka ya harusi ya binamu yangu, nikampikia pweza wa nazi. Akala, akapiga chafya kwa moshi wa udi, akauliza, "Mwalimu, kuna harusi?" Nilitamani kumvika lile sufuria.

Wivu, nakwambieni, ni kazi. Nilikuwa nasahihisha insha za wanafunzi huku nampangia mwanamke yule nguo za kuvaa. Nilimpa sauti, nilimpa cheko, nilimvisha bangili. Kila nilipomuona mume wangu anainamia friji na kulisikiliza kwa sikio lake zima, nilijua hasikilizi friji.

Ijumaa moja, watoto wameshalishwa na wametoka kucheza, nikashindwa. Alikuwa kalala chali kwenye mkeka. Nikamwambia, "Yule mwembamba wako wa bara, mnaoana lini?"

"Nani?"

"Mwenye pua ndefu. Ulomfikisha mpaka mwisho wake."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa Kichina. Kisha nikaona inamwingia, polepole, kutoka machoni mpaka mdomoni, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa, akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi nimesimama, mikono kiunoni, nangojea.

"Ndege, mwalimu," akasema alipopata pumzi. "Ndege yule. Ndege wangu."

"Ndege ile," nikasema. Wallahi mdomo ulisahihisha wenyewe, mimi bado sijafahamu nimeambiwa nini. "Ndege yangu."

"Ile," akasema, kwa namna ya mtu anayeonja dawa. Akatikisa kichwa. "Hapana. Ile ni ya abiria. Inakupeleka Dar es Salaam, unateremka, unaisahau. Yule unamvaa. Unapumua naye. Huwezi kumwita ile."

Nilikaa chini nikacheka na mimi. Nilijiona mjinga na nikafurahi kuwa mjinga, nikammiminia chai, na kwa muda wa kikombe kile nilikuwa mke mwenye raha kuliko wote Mkunazini. Kosa langu lilikuwa kumuuliza, "Hebu nihadithie alivyokuwa." Alivyokuwa, nilisema, si ilivyokuwa. Na mimi.

Akanihadithia. Akaanza na dari. Kila ndege, alisema, ana dari lake. Mimi nikatazama juu, kwenye boriti zetu, nikauliza ndani kuna ghorofa? Akacheka tena. Dari la ndege liko angani na halionekani. Unapanda, unapanda, hewa inazidi kuwa nyepesi, injini inakosa pumzi, mabawa hayapati kitu cha kuegemea, mpaka mnafika mahali hata ukimbembeleza vipi haongezi. Chukua Mlima Kilimanjaro mwengine uuweke juu ya Kilimanjaro, alisema, yule anaupita na bado anapanda.

Akanyanyua viganja vyake viwili, kimoja juu kimoja chini. Hiki cha chini, alisema, ni mwendo mdogo kabisa anaoweza kwenda bila ya kuanguka. Hiki cha juu ni mwendo mkubwa kabisa anaoweza kustahamili bila ya kuvunjika. Huku chini kwetu viko mbali, mtu una uwanja wa kukosea. Lakini kila unapopanda, cha chini kinakwenda juu na cha juu kinakuja chini. Akavisogeza viganja, polepole, mpaka baina yake pangepita karatasi. "Hapa," akasema. "Hapa ndo nilipokaa naye. Huwezi kugeuka kwa haraka, huwezi kupiga chafya. Na mafuta yanakwisha, muda wenyewe ni wa kunywa chai. Lakini mwalimu, adhuhuri hiyo na mbingu imekuwa buluu nzito, karibu na nyeusi. Husikii kitu ila pumzi yako ndani ya barakoa."

Mikono ile ile iliyokuwa ikirudi nyumbani na harufu ya gesi ya mafriji. Sikuwa nimewahi kuiona ikikaa hivyo.

"Siku moja," akasema, "tulipita upande huu. Nikaiona Unguja nzima, kutoka Nungwi mpaka kwetu Makunduchi, na mawingu madogo juu yake. Nikaweka kidole gumba kwenye kioo. Ikafunikika yote."

Nikamuuliza mwaka gani. Akanambia. Nikahesabu, nilikuwa chuo cha ualimu, na adhuhuri kama ile huenda nilikuwa darini naanika nguo.

"Basi nilikufunika na wewe," akasema, na akatabasamu, akidhani ananipa zawadi.

Hapo ndipo wivu wenyewe ulipoanza. Ule wa kwanza ulikuwa mchezo. Mwanamke ungemtafuta, ungemsuta, ungemshinda kwa upishi, na ukishindwa kabisa ungengojea azeeke kama wewe. Huyu utamsuta wapi? Alimpeleka mume wangu mahali ambapo kisiwa changu chote, na skuli yangu, na kaburi la baba yangu, na mimi na kanga zangu, tulikuwa kitu cha kufunikwa na kidole. Kisha akamrejesha chini na sikio moja, na mimi nikampokea nikasema alhamdulillahi nimepata mume. Kumbe nimepokea aliyebakishwa. Nilimwambia chai imepoa, nikaingia jikoni, nikalia kwa hasira juu ya sinia la vyombo.

Nilipotoka nikamuuliza lile lililobakia. "Mgeni wako alisema utakuwa naye karibu."

Akanieleza. Walikuwa wanamtaka akasomeshe marubani vijana, kambini, darasani. Asiruke, ila awafundishe yale yale aliyonieleza kwa viganja, dari na mwendo mdogo na mwendo mkubwa, wasije wakajiua. Nyumba ipo, mshahara mzuri. Akasema bado hajajibu.

Siku zilizofuata sikumsemesha isipokuwa kwa lazima. Nilimtazama. Alikuwa anafunga mafriji ya watu akisahau skrubu. Usoni mwake niliona vile wifi alivyonieleza, mtu anayetazama juu akiwa ameinama. Nikajua nikimzuia nitakaa na mwili tu. Na nikajua nikimwachia nitakuwa nimempeleka kwake kwa mikono yangu. Nilikonda kwa mawazo. Kiuno kikarudi bila ya kukitafuta.

Mwisho nilimfuata Mlandege, karakanani, jambo nisilolifanya. Nikasimama baina ya mafriji yaliyofunguliwa milango, nikasema, "Nenda kasomeshe. Nitaomba uhamisho nikufuate na watoto."

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nshawajibu," akasema. "Nimekataa."

Sijui kama naweza kueleza nilivyojisikia. Niliona nimechaguliwa. Nilitaka kumkumbatia mbele ya wapita njia wote, mimi mwalimu wa skuli. Nikauliza, kwa sababu mwanamke ukishapewa tamu unataka na kijiko ulambe, nikauliza kwa nini.

"Kule nitakaa darasani," akasema. "Dirisha liko wazi. Nitamsikia anawashwa, nitamsikia anapanda, na aliye ndani ni mtu mwengine. Kijana mwengine kamshika. Siwezi kukaa chini nikasikiliza hayo." Akatupa kitambaa juu ya friji. "Nnaona wivu, mwalimu."

Aliinamia kazi yake.

Nina jambo moja la kusema hapa na sitaki kutetewa. Skuli kwetu alikuwapo mwalimu mmoja wa hesabu, mwanamme mjane, aliyekuwa akinibebea madaftari mpaka mlangoni na kila akenda Pemba huniletea halua ya tende. Nilimweleza mume wangu, kwa makusudi. Alichukua kipande, akatafuna, akasema, "Halua nzuri hii. Mwambie alete tena." Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunionea wivu hata wa dakika moja. Nami nilikuwa nikijivunia, nikiwaambia wenzangu mume wangu ananiamini. Siku ile karakanani nilijua kuwa wivu anao, mwingi, wa kumnyima usingizi na mshahara. Ila alikuwa keshaumaliza mahali pengine.

Basi akabaki. Tukaishi. Wala msidhani tuliishi vibaya. Watoto wakakua, mmoja akaolewa, mwengine akaingia chuo Tunguu na akawa ananisahihisha mimi. Nywele za mume wangu zikawa nyeupe, mafriji yakawa ya kisasa, akajifunza. Neno ndege halikutajwa nyumbani. Darasani nililiacha kabisa. Nikiwatega wanafunzi kwa maneno mengine.

Mwaka mmoja, miaka ya elfu mbili na kumi imeshaanza, palikuwa na sherehe kubwa ya kiserikali mjini. Mimi nilikuwa darini, kwenye sakafu ya juu iliyo wazi, naanua nguo, na yeye kapanda kunisaidia kufunga kamba iliyokatika. Sauti ilikuja kutoka upande wa bahari kabla ya kitu chenyewe. Nilimuona anaacha kamba. Alikigeuza kichwa, sikio zima likaelekea juu, na ndege ya kivita ikapita juu ya mapaa ya mji, chini khasa, madirisha yakatikisika, kunguru wakatawanyika. Ikaelekea bara, ikapotea.

Alikuwa bado ameshika ncha ya kamba. Uso wake sikuweza kuusoma. Na mimi, sijui ni uzee au ni nini, nilimuonea huruma ambayo sikuwahi kumuonea. Nikaona si kitu, wacha nimpe. Miaka yote nilikuwa nimelishikilia neno moja, na neno lenyewe ni herufi tu. Nikasema kwa upole, mimi mwalimu wa ngeli, "Umemuona?"

"Nimeiona," akasema.

Nguo zilinianguka mikononi. Nimeiona. Kaisema mwenyewe, bila ya kusahihishwa, i ya chuma, i ya kitu kinachopita ukakisahau. Nilihisi mwili wangu wote unapoa. Nikainama kuokota mashuka ili asinione ninavyocheka peke yangu, na nikawa namshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba nimeishi kuisikia.

Akamaliza kufunga fundo. Akalivuta kulijaribu.

"Hii mpya," akasema. "Wangu hakuwa na sauti hiyo."

Akateremka ngazi. Nikabaki na mashuka kifuani, nikilirudia neno lile. Wangu. Kitanda kimoja miaka yote hiyo, watoto wawili, na mimi ananiita mwalimu.